Medali nane za Duncan Scott na dhahabu moja ya David Wilkie

Julai 1976, kwenye bwawa la Olimpiki la Montreal, David Wilkie aliogelea mita 200 kwa mtindo wa chura akatumia dakika 2:15.11, rekodi mpya ya dunia. Mmarekani John Hencken, aliyekuwa akiishikilia rekodi hiyo, aligusa ukuta zaidi ya sekunde mbili baada yake. Katika michezo ile wanaume wa Marekani walizoa dhahabu zote za kuogelea isipokuwa hiyo moja, iliyokwenda kwa kijana wa wazazi Waskoti aliyezaliwa Colombo na kusomeshwa Edinburgh. Tangu siku hiyo hakuna Mskoti mwingine aliyepata dhahabu ya Olimpiki ya kuogelea katika mashindano ya mtu mmoja mmoja.

Duncan Scott naye hajaipata. Anazo medali nane za Olimpiki, dhahabu mbili na fedha sita, na hakuna Mskoti wa mchezo wowote aliyefikisha idadi hiyo. Katika Uingereza nzima aliyemzidi ni Jason Kenny wa mbio za baiskeli, mwenye tisa, na anayelingana naye ni Bradley Wiggins, wa baiskeli vilevile. Ila dhahabu zote mbili za Scott ni za kupokezana: watu wanne, kila mmoja mita 200 za mtindo huru. Kila alipoingia fainali ya Olimpiki kwa jina lake mwenyewe, yupo aliyetangulia kugusa ukuta. Kwa hiyo ukiuliza nani muogeleaji mkubwa zaidi aliyepata kutoka Uskoti, jibu linategemea unahesabu nini na unaacha nini.

Msimamo wangu nautanguliza ili msomaji ajue anaongea na nani. Naamini siku moja iliyo bora kuliko zote ni ya Wilkie, na naamini maisha ya michezo yaliyo makubwa zaidi ni ya Scott. Lakini wanaompunguzia Scott alama wana hoja nzito, na wanaomtetea mara nyingi huikimbia badala ya kuijibu.

Scott alizaliwa Glasgow Mei 1997 na akakomaa kimchezo katika bwawa la Chuo Kikuu cha Stirling, chini ya kocha Steven Tigg. Glasgow ilipoandaa Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 2014 alikuwa na miaka 17, na akapata fedha pamoja na Waskoti wenzake katika kupokezana mita 200 kwa watu wanne. Miaka miwili baadaye, Olimpiki ya Rio, alirudi na fedha mbili za timu ya Uingereza, zote za kupokezana. Mpaka hapo ungeweza kusema ni kijana mzuri anayebebwa na timu nzuri.

Michezo ya Madola ya Gold Coast, Australia, mwaka 2018 ilivunja maneno hayo. Kwenye mita 100 mtindo huru alishinda kwa sekunde 48.02. Waliofungana nyuma yake kwa 48.15 walikuwa Kyle Chalmers, bingwa wa Olimpiki wa mbio hiyohiyo, akiogelea nyumbani mbele ya Waaustralia wenzake, na Chad le Clos wa Afrika Kusini, ambaye mwaka 2012 London alimshinda Michael Phelps mwenyewe katika mita 200 kipepeo. Scott aliondoka na medali sita, idadi ambayo hakuna Mskoti aliyewahi kuifikia katika Michezo ya Madola ya mwaka mmoja. Agosti ya mwaka huohuo akawa bingwa wa Ulaya wa mita 200 mtindo huru. Nayataja haya mapema kwa sababu kuna maelezo mepesi kwamba Scott hawezi kushinda bila wenzake. Ameweza, tena dhidi ya majina makubwa.

Tatizo ni kwamba hakuweza pale panapohesabiwa kuliko pote.

Olimpiki ya Tokyo, Julai 2021, ndiyo ilikuwa nafasi yake. Katika mchujo wa kitaifa wa Aprili mwaka ule alikuwa ameogelea mita 200 mtindo huru kwa 1:44.47, muda ambao hakuna mwingine duniani aliyekuwa ameufikia msimu huo. Mpinzani aliyemuumiza hakutoka Marekani wala Uchina. Alikuwa Tom Dean, mwenzake wa timu, kijana aliyeugua UVIKO mara mbili ndani ya mwaka mmoja kabla ya michezo. Dean 1:44.22, Scott 1:44.26. Waingereza walisherehekea kwa sababu walikuwa hawajashika nafasi ya kwanza na ya pili kwa pamoja kwenye bwawa la Olimpiki tangu 1908, na Scott alimpongeza mwenzake kwa moyo mweupe. Hata hivyo sekunde 0.04 ni urefu wa vidole tu. Siku tatu baadaye akaingia fainali ya mita 200 mchanganyiko, ambayo humtaka mtu apite kipepeo, mgongo, chura na mtindo huru mfululizo. Akavunja rekodi ya Uingereza kwa 1:55.28, na Wang Shun wa Uchina akagusa kwa 1:55.00. Fedha tena.

Ukija Paris 2024 unakuta picha ileile, pengine kali zaidi. Mita 200 mtindo huru: David Popovici wa Romania 1:44.72, Matt Richards wa Uingereza 1:44.74, Luke Hobson wa Marekani 1:44.79, Scott 1:44.87. Sekunde 0.15 zilimtenganisha na dhahabu, na hazikumpa hata shaba. Kwenye mchanganyiko alitumia 1:55.31, karibu sawasawa na Tokyo, lakini safari hii mbele yake alikuwapo Léon Marchand, akiogelea nyumbani kwao Ufaransa, na aliyemaliza kwa 1:54.06.

Mkosoaji atasema hivi: mtu akishindwa kwa kidole mara moja, tunaiita bahati mbaya. Akikosa Tokyo mara mbili, kisha Paris mara mbili, inabidi tukubali kwamba kuna kitu kinachopungua. Hana taji la dunia la mtu mmoja katika bwawa la mita 50. Hajawahi kushika rekodi ya dunia ya mtu mmoja katika bwawa hilo. Wilkie aliwahi kuwa bingwa wa Olimpiki, wa dunia, wa Ulaya na wa Jumuiya ya Madola wa mita 200 chura, vyote kwa wakati mmoja, na rekodi ya dunia juu yake. Nane za Scott dhidi ya tatu za Olimpiki za Wilkie ni hesabu ya medali, na medali za fedha hata zikiwa sita hazigeuki kuwa dhahabu.

Hoja hiyo siwezi kuipuuza, na naona watetezi wengi hujibu kwa upande wake dhaifu. Husema: tazama muda wake. Ni kweli kwamba 1:44.26 aliyopatia fedha Tokyo ingemshinda Sun Yang wa Uchina, mshindi wa Rio 2016 (1:44.65), ingemshinda Popovici wa Paris, na ingempita pia Richards aliyetwaa ubingwa wa dunia Fukuoka 2023 kwa 1:44.30. Inapendeza kuisoma. Lakini fainali haziogelewi kwenye karatasi. Bwawa hutofautiana na bwawa, na bingwa huongeza kasi kadiri mpinzani anavyomsukuma. Popovici hakuwa akishindana na Scott wa Tokyo. Zaidi ya hayo, Scott mwenyewe alikuwapo Paris na hakuurudia muda ule, akawa nyuma yake kwa zaidi ya nusu sekunde. Muda wa Tokyo unathibitisha kwamba alikuwa na uwezo wa bingwa. Hauthibitishi kwamba alidhulumiwa.

Ninachokiona kuwa jibu la kweli ni aina ya muogeleaji aliyeamua kuwa. Tazama orodha ya mbio alizopatia medali katika Michezo ya Madola peke yake: mita 100 huru, 200 huru, 200 kipepeo, 200 mchanganyiko, 400 mchanganyiko, na za kupokezana. Aprili 2022 aliweka rekodi ya Uingereza ya mita 400 mchanganyiko, 4:09.18, katika mbio ambayo wala si yake ya kwanza. Waogeleaji wengi wa kiwango hicho huchagua mbio moja au mbili, wakazijengea mwili na ratiba nzima ya mwaka. Scott alitawanya. Tokyo aliogelea fainali ya mita 200 huru tarehe 27 Julai, fainali ya kupokezana tarehe 28, jioni ya siku hiyohiyo akaanza raundi za mchanganyiko, akamaliza nazo tarehe 30, na tarehe 1 Agosti akamalizia kupokezana kwa mitindo mchanganyiko, ambako kila mmoja wa wanne huogelea mita 100 kwa mtindo wake. Alitoka na medali nne, Mwingereza wa kwanza kufanya hivyo katika Olimpiki moja. Je, angeacha mbili kati ya hizo, angepata zile 0.28 zilizomkosesha mchanganyiko? Inawezekana kabisa. Hapo mkosoaji anapata alama yake: sehemu ya dhahabu iliyokosekana ni gharama ya uamuzi wa Scott na kocha wake, si ukatili wa bahati.

Lakini gharama hiyo ilinunua kitu, na hapa ndipo natofautiana na wanaomweka chini ya Wilkie.

Kupokezana hudharauliwa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kitaalamu: anayepokea huruhusiwa kuanza mwendo wa kuruka mwenzake akiwa bado anakaribia ukuta, mradi miguu isiache jukwaa kabla ya kuguswa, hivyo hufaidika takribani nusu sekunde au zaidi kidogo kuliko anayesubiri kengele. Ya pili ni kwamba medali inagawanywa kwa wanne. Zote ni kweli. Scott alimalizia kupokezana Tokyo kwa 1:43.45, na ukiondoa faida ya kuruka unakuta ni karibu kiwango kilekile cha jana yake. Hakuna muujiza hapo. Kuna jambo lingine: siku iliyotangulia alikuwa ameikosa dhahabu ya maisha yake kwa 0.04, akaamka akaogelea kwa nguvu ileile baada ya Dean huyohuyo, James Guy na Matt Richards, huku timu ikiwa tayari mbele, akiifukuza rekodi ya dunia ya Wamarekani ya mwaka 2009. Waliikosa kwa sekunde 0.03. Uingereza ilikuwa haijashinda mbio hiyo tangu 1908, na Marekani ilitoka bila medali.

Kisha Paris wanaume hao wanne wakarudi, walewale, wakaitetea dhahabu kwa 6:59.43. Hakuna timu ya kupokezana iliyowahi kutetea taji la Olimpiki la kuogelea ikiwa na watu walewale wanne katika fainali zote mbili. Aliyegusa ukuta wa mwisho mara zote mbili ni Scott. Fikiria ushindani uliokuwa ndani ya timu hiyo: kila nchi huruhusiwa watu wawili tu kwa mbio ya mtu mmoja, na Dean, bingwa wa Tokyo, alishika nafasi ya tatu kwenye mchujo wa 2024 akanyimwa nafasi ya kulitetea taji lake. Wanaume wanaoporana nafasi namna hiyo ndio waliotakiwa kuaminiana. Wilkie hakuwahi kuwa katika mazingira kama hayo, na si kosa lake, ila hatuwezi kumpa Wilkie alama kwa kushinda peke yake kisha tukamnyima Scott alama kwa kushinda na wenzake, kana kwamba la pili ni jepesi.

Sehemu inayonisadikisha kuliko zote ni juma moja la Julai 2019, Mashindano ya Dunia ya Gwangju, Korea Kusini, kwa sababu linakusanya kila anachobishaniwa Scott.

Katika mita 200 huru Danas Rapšys wa Lithuania alitangulia kugusa akaondolewa kwa kosa la kuanza, dhahabu ikaenda kwa Sun Yang wa Uchina, na Scott akagawana shaba na Mrusi Martin Malyutin, 1:45.63 kila mmoja. Kwenye jukwaa Scott alikataa kumpa Sun mkono na kukataa kupiga naye picha. Sun alikuwa amewahi kufungiwa miezi mitatu mwaka 2014 kwa kosa la dawa zilizokatazwa michezoni, na kulikuwa na kesi nyingine ya Septemba 2018, ambapo chupa za sampuli za damu yake zilivunjwa wakati wa kupimwa nyumbani kwake. Jopo la shirikisho la kuogelea duniani lilikuwa limemwachia, na rufaa ilikuwa haijasikilizwa. Sun alimfokea kwa Kiingereza kwamba yeye Scott ameshindwa na Sun ndiye mshindi. Shirikisho likawaonya wote wawili.

Je, alifanya sawa? Upande mmoja unasema jukwaa la medali si mahakama, na mtu ambaye rufaa dhidi yake haijaamuliwa hana hatia. Nchini Uchina wengi waliona ni dharau kwa bingwa wao. Naiheshimu hoja hiyo. Mwenendo wa kesi baadaye unaonyesha jinsi sheria ilivyokuwa ngumu: Februari 2020 mahakama ya michezo ilimfungia Sun miaka minane, Desemba mahakama kuu ya Uswisi ikaitengua hukumu kwa sababu ya upendeleo wa mmoja wa wasuluhishi, na Juni 2021 ikasikilizwa upya akapewa miaka minne na miezi mitatu. Lakini Scott hakumpiga marufuku mtu. Alijizuia mkono wake mwenyewe, mbele ya dunia, akijua ataonywa na kutukanwa mtandaoni. Namuunga mkono. Na yeyote anayesema anakosa dhahabu kwa sababu ni mpole mno anapaswa kulitazama jukwaa lile tena.

Siku ya mwisho ya mashindano hayohayo, kupokezana kwa mitindo mchanganyiko, aliingia majini Uingereza ikiwa nyuma ya Marekani kwa zaidi ya sekunde moja. Mbele yake alikuwapo Nathan Adrian, bingwa wa Olimpiki wa mita 100 huru mwaka 2012. Scott aliogelea mita 100 zake kwa 46.14, na wakati huo ni Jason Lezak peke yake, Beijing 2008, aliyekuwa amewahi kuogelea umbali huo kwa kasi zaidi katika kupokezana. Uingereza 3:28.10, Marekani 3:28.45. Muda wake bora wa mita 100 akianza kwa kengele ulikuwa 47.87. Toa nusu sekunde ya kuruka, hata toa 0.7, bado inabaki sekunde nzima ambayo faida ya kuanzia haiwezi kuieleza. Alikuwa muogeleaji mwingine kwa sababu wenzake watatu wa timu, Luke Greenbank, Adam Peaty na Guy, walimwachia kazi. Hilo ni jambo adimu sana mchezoni, na sioni kwa nini tulipe daraja la pili.

Na tuwe na kipimo kimoja kwa wote. Chris Hoy wa Edinburgh ana dhahabu sita za baiskeli, na Uskoti haina ubishi juu yake. Mbili kati ya hizo alizipata katika mbio za timu, mwaka 2008 na 2012. Kenny ana saba, tatu zikiwa za timu. Sijawahi kusikia mtu akizikata hizo kwenye jumla yao. Kweli, Hoy anabakiwa na nne za peke yake na Scott habakiwi na hata moja, na kwa hiyo kama swali ni bingwa mkubwa kuliko wote wa Uskoti, kura yangu iko kwa Hoy bila kusita. Waogeleaji pia wana bahati ya mbio nyingi. Mkimbiaji wa marathoni hupata nafasi moja tu kila miaka minne, na nane za bwawani hazifanani na nane za barabarani. Hesabu ya jumla, basi, haimfikishi Scott juu kabisa. Swali langu lilikuwa la waogeleaji.

Wilkie alifariki Mei 2024, miezi miwili kabla ya Paris, dhahabu yake ikiwa bado pekee ya aina yake. Nafasi ya Scott kuipata inazidi kuwa finyu. Kwenye Mashindano ya Dunia ya Singapore 2025 Marchand aliogelea mita 200 mchanganyiko kwa 1:52.69, akaivunja rekodi ya Ryan Lochte ya mwaka 2011 kwa zaidi ya sekunde nzima. Muda bora wa Scott uko zaidi ya sekunde mbili na nusu nyuma ya hapo, na pengo kama hilo halizibwi kwa mbinu. Mita 200 huru ziko wazi zaidi, lakini zimejaa vijana, na kwanza lazima apite mchujo wa nyumbani. Singapore hiyohiyo Uingereza ilishinda tena kupokezana mita 200, safari hii Jack McMillan, anayefanya naye mazoezi Stirling, akiwa na Guy na Richards, na Scott akimalizia. Los Angeles 2028 atakuwa na miaka 31. Kama ni mimi kocha, ningeiacha kabisa mita 400 mchanganyiko, nibakize mchanganyiko wa 200 kwa ajili ya medali yoyote itakayopatikana nyuma ya Marchand, na msimu mzima niujenge kuelekea usiku mmoja wa kupokezana. Medali moja itamfikisha kwa Kenny, mbili zitamvusha. Dhahabu ya peke yake haitakuwamo, na kwangu mimi hilo halibadilishi nafasi yake mbele ya Wilkie.